Vikundi vya Jamii na Mabadiliko ya Tabianchi Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na viongozi wa vikundi, watendaji wa vijiji na wafanyakazi wa mashirika katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na jirani zake. Tumeanza na ya msingi na kumalizia na yale yanayohusu hali zisizo za kawaida. Pale jibu moja linapotegemea jingine, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Sisi ni watu ishirini na wachache wa kijiji kimoja. Tutafanya nini juu ya jambo lililoletwa na viwanda vya nchi za mbali?

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya gesijoto, yaani hewa zinazoongeza joto la dunia, iliyorundikana angani haikutoka Tanzania. Hata hivyo, kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kupunguza gesijoto, na hiyo nchi imeiahidi rasmi: Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa tabianchi, mwaka 2018, na katika mchango wake wa kitaifa wa mwaka 2021 ikajiwekea lengo la kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua yoyote. Ya pili ni kuhimili athari ambazo tayari zimefika, yaani mvua inayochelewa, inayokatika katikati ya msimu, au inayonyesha kwa siku chache kwa nguvu inayobeba udongo.

Kazi hii ya pili haiwezi kufanywa na mtu wa mbali kwa niaba yenu. Hakuna mkutano wa kimataifa utakaoamua ng'ombe wa kijiji chenu wanywe wapi mwezi wa Oktoba, au mfereji ufungwe siku gani ili walio chini nao wapate maji. Watu ishirini wanaoaminiana wanaweza kuliamua hilo, wakilifikisha mahali panapostahili (tazama swali la 6).

2. Tutajuaje kwamba maji yamepungua kwa sababu ya tabianchi na si kwa sababu yetu wenyewe?

Mara nyingi ni vyote viwili, na kikundi kinachotaka kufanya kazi ya maana hakina budi kuvitenganisha. Mfano ulio wazi zaidi katika ukanda huu ni Ruaha Mkuu. Mto huo, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu mwaka 1993. Wengi husema ni ukame, lakini watafiti waliolichunguza bonde la Usangu wameonyesha kwamba sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani kutoka mito inayoshuka milimani, kama Mbarali, Kimani na Chimala, na mifereji inayoendelea kuchukua maji hata baada ya mavuno. Maji ya ardhioevu ya Ihefu hutoka kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kina cha maji kikishuka chini ya kizingiti hicho, mto ulio upande wa chini hukauka, ingawa juu bado kuna majaruba (vitalu vya mpunga) yaliyojaa.

Tabianchi huongeza uzito juu ya mzigo ambao tayari upo, kwa hiyo kiasi kilichotosha zamani hakitoshi tena. Njia nyepesi ya kutenganisha sababu hizi ni kukaa na wazee, wanaume kwa wanawake, na kuandika mfululizo wa miaka: chemchemi ilianza kupungua lini, mikaratusi ilipandwa lini, mfereji ulichimbwa lini, ni mwaka gani mvua zilikosekana kabisa. Kama chemchemi ilififia miaka michache baada ya mikaratusi kupandwa juu yake, mmeshapata pa kuanzia.

3. Je, ni lazima tuanzishe kikundi kipya?

Hapana, na mara nyingi ni afadhali msianzishe. Kikundi cha VICOBA (benki ya kijamii ya kijiji), AMCOS (chama cha ushirika cha mazao), kwaya au kikundi cha kuzikana ambacho tayari kinakutana kwa ratiba, kina daftari, na kinajua nani hutoa mchango wake kwa wakati na nani hukwepa, kina kitu ambacho fedha ya mradi hainunui. Tunavitilia shaka vikundi vinavyozaliwa wiki ile ile tangazo la ruzuku linapobandikwa kwenye ubao wa kata.

## Usajili na mipaka ya madaraka

4. Kikundi kisajiliwe wapi?

Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kwa kawaida mtatakiwa kuwa na katiba, orodha ya wanachama, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha kikundi, na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Usajili hufanyika katika halmashauri. Kama kikundi kinaweka na kukopeshana fedha, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inakitaka kisajiliwe kama kikundi cha kifedha cha kijamii, nayo kazi hiyo huratibiwa na halmashauri. Usajili wa shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002 una masharti mazito zaidi ya taarifa na ada, na kikundi cha kijiji kimoja hakiuhitaji.

5. Kuna tofauti gani kati ya kikundi chetu, kamati ya kijiji na jumuiya ya watumia maji?

Kikundi ni hiari ya wanachama wake. Kinaweza kuwatoza faini wanachama wake kwa mujibu wa katiba, lakini hakina mamlaka juu ya mtu wa nje. Ugomvi mwingi huanzia hapa: vijana wa kikundi wamekamata ng'ombe kwenye chanzo cha maji, wamemtoza mwenye mifugo bila stakabadhi ya kijiji, naye amekwenda polisi. Mazingira yanaweza kuwa upande wa vijana, lakini sheria iko upande wa mwenye ng'ombe.

Kamati ya maliasili au ya mazingira ni chombo cha serikali ya kijiji, na inapotekeleza sheria ndogo zilizoidhinishwa ina nguvu ya kutoza. Jumuiya ya Watumia Maji ni kitu kingine tena: huundwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, huunganisha watu wa mto au kijito kimoja hata kama wako vijiji tofauti, na hufanya kazi na bodi ya maji ya bonde. Ofisi ya Bonde la Rufiji iko Iringa, ya Bonde la Ziwa Nyasa iko Tukuyu, na ya Bonde la Ziwa Rukwa iko Mbeya mjini. Hakikisheni mto wenu unamwaga wapi kabla ya kupanda basi, kwa maana kuna mito miwili iitwayo Songwe: mmoja unaingia Ziwa Rukwa, na mwingine, ulio mpakani na Malawi, unaingia Ziwa Nyasa. Vyombo vya watumia maji vinavyosimamia mabomba na vituo vya kuchotea viko chini ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), navyo havisimamii mto.

6. Tunawezaje kupata sheria ndogo yenye nguvu?

Kikundi hupeleka pendekezo kwa Halmashauri ya Kijiji, ambayo huandaa rasimu. Mkutano Mkuu wa Kijiji huijadili, kisha rasimu hupelekwa wilayani kuidhinishwa na Baraza la Madiwani, kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Kabla ya idhini hiyo faini haina mguu wa kusimamia. Rasimu nyingi hulala wilayani kwa sababu za kawaida kabisa: orodha ya mahudhurio haina saini, au rasimu imenakiliwa kutoka kijiji kingine pamoja na majina ya mito yake.

Muhtasari wa mkutano nao uandikwe kwa namna inayopimika. Unaofaa husomeka hivi: "Mkutano umekubali kwamba kuanzia tarehe 1 Julai mifugo yote itanyweshwa kwenye birika lililo chini ya daraja, wala haitaingia ndani ya mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka chemchemi." Mtu akiusoma miaka kumi baadaye atajua mpaka uko wapi. Muhtasari unaosema "wananchi walihimizwa kutunza mazingira" haumfungi mtu yeyote.

## Kazi zenyewe

7. Kwa nini hamtushauri kuanza na kupanda miti?

Kwa sababu kupanda ndiyo sehemu rahisi. Miche huingia ardhini Desemba au Januari mbele ya mgeni rasmi, picha hupigwa, na mabango hubebwa. Mavuno yakiisha, mifugo huachiwa kula mabua na huimaliza miche iliyo pembezoni mwa mashamba. Iliyobaki hukutana na moto wa Septemba. Kikundi kilichoanza na makubaliano ya malisho, alama za mpaka na njia za kuzuia moto huwa kimeokoa miti mingi zaidi kabla hata ya kununua kiriba (kifuko cha kuoteshea mche) kimoja.

Tena, mahali penye visiki na mizizi hai, msitu wa miombo hurudi wenyewe usipochomwa wala kulimwa. Machipukizi hayo yana mizizi iliyokwisha kwenda chini, kwa hiyo huhimili kiangazi kuliko mche wa kitaluni. Kazi hii haina sherehe, na pengine ndiyo maana hufanywa na wachache.

8. Chanzo chetu cha maji kimezungukwa na mikaratusi. Tuikate yote?

Ondoeni, lakini kwa utaratibu. Mkaratusi ni mti unaokunywa maji mengi, na bondeni mizizi yake huyafikia maji mwaka mzima. Hata hivyo, mkaratusi una mwenyewe. Aliyeupanda aliuhesabu kama nguzo, mbao au ada ya shule, na akiamka asubuhi akakuta umelazwa chini, kikundi kitakuwa kimejitengenezea adui wa kudumu. Mkubaliane mbele ya serikali ya kijiji kwamba atavuna mwenyewe, kwa awamu, akianza na ile iliyo karibu zaidi na maji, na kwamba hatapanda tena hapo.

Tatizo la pili ni kisiki. Mkaratusi uliokatwa huchipua, na ukiuacha, ndani ya miaka michache utakuwa na mashina matatu au manne pale palipokuwa na moja, hivyo kiu yake imerudi. Visiki vimenywe gome mpaka chini ya usawa wa udongo, na machipukizi yaondolewe kila msimu wa mvua hadi kisiki kife. Apangiwe mwanachama kwa jina, la sivyo hakuna atakayekumbuka. Ukingo ukiwa mkali, msing'oe visiki vyote kwa mara moja, kwa sababu udongo utashuka kwenye chemchemi. Pandeni polepole mikuyu, mivengi na miti mingine ya asili ambayo wazee wa hapo wanaijua kuwa ya majini.

Hatuna ugomvi na mkaratusi ulioko mlimani kwenye shamba la mtu. Unampatia nguzo na kuni, na kuni hizo zinaupumzisha msitu wa asili.

9. Je, sheria inatukataza kulima vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi?

Hili ndilo swali linalozua hisia kali zaidi Iringa na Njombe, na lina haki hiyo. Kinyungu ndicho kinacholeta mboga, mahindi mabichi na maharage wakati shamba la mlimani limekauka, na mara nyingi fedha yake ndiyo inayoshikwa na mama wa nyumba. Kwa upande mwingine, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa, shughuli za kudumu na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuhatarisha uhifadhi wa eneo hilo.

Kikundi kisijipe kazi ya kuitafsiri sheria hiyo peke yake. Mwombeni afisa mazingira wa wilaya na watu wa bodi ya maji ya bonde waje mpime pamoja, kwa kamba, kijiji kikishuhudia. Katika mazungumzo hayo tunawashauri mtofautishe chemchemi yenyewe, ambayo ifungwe kabisa, na bonde pana lililo chini yake. Msikubali mitaro ya kukausha bonde ichimbwe hadi kwenye maji, msichome matete, na acheni ukanda wa matete na nyasi kando ya mto. Kijiji kikiamua kuhamisha watu, kiseme pia watalima wapi, kwa sababu vinyungu vilivyofungwa bila mbadala hulimwa kwa kujificha, juu zaidi ya mto, mahali ambapo madhara ni makubwa kuliko mwanzo.

10. Tukifikia kupanda miti, tupande ipi na lini?

Kitalu kianze Julai au Agosti ili miche iwe imekomaa mvua zinapokolea, na upandaji ufanyike udongo ukiwa umeloana hadi chini, si baada ya manyunyu ya kwanza. Misindano na mikaratusi ya biashara ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 huingia miti 1,111 kwa hekta, takriban 450 kwa ekari. Hesabu hii iwasaidie kuagiza miche mnayoweza kuitunza. Kwa mashamba ya aina hiyo, vyama vya wakulima wa miti vilivyoenezwa Njombe, Mufindi na kwingineko wakati wa programu ya Panda Miti Kibiashara vina uzoefu kuliko mtu yeyote.

Parachichi linapendwa sana Njombe na Rungwe kwa sababu ya bei. Kumbukeni tu kwamba mche wake unahitaji maji kiangazi. Bustani mia moja zikichota kwenye kijito kimoja, mmerudi kwenye swali la 2.

11. Sisi ni wakulima wa mpunga Mbarali. Je, kuna kazi ya tabianchi inayotuhusu?

Ipo, na faida yake huonekana msimu huo huo. Jaruba lililofurika muda wote hukosa hewa kwenye udongo, na vijidudu vinavyoishi katika hali hiyo hutoa methani, ambayo ni gesijoto kali. Kilimo shadidi hubadili mtindo huo: mche hupandikizwa ukiwa mchanga, siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, kisha maji huingizwa na kuachwa yakauke kwa zamu. Mbegu na maji hutumika kwa kiasi kidogo zaidi, na methani hupungua. Ugumu wake ni palizi, kwa kuwa maji yasipofunika udongo magugu huota kwa kasi, na jaruba lazima lisawazishwe vizuri. Wakulima wa mfereji mmoja wakiamua pamoja, zamu za maji huwezekana. Mmoja akijaribu peke yake, jirani atamfurikia.

12. Mashamba yetu yako kwenye miteremko na udongo unaondoka. Tufanye nini?

Kabla ya kutafuta teknolojia ya mbali, nendeni Mbinga. Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa ngoro kwa zaidi ya karne: nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana kama wavu, udongo huchimbwa katikati na kufunika nyasi hizo, mazao hupandwa juu ya matuta, na mvua hunaswa kwenye mashimo badala ya kuteremka na udongo. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Kazi yake ni nzito, kwa hiyo mahali penye upungufu wa nguvukazi makinga maji yaliyopandwa majani ya malisho huweza kufaa zaidi, nayo humpa mfugaji sababu ya kuyatunza.

13. Moto unaotoka mashamba ya jirani hutuharibia kila mwaka. Kuna dawa?

Njia za moto, yaani vipande vilivyofyekwa ili moto usivuke, zisafishwe Juni na Julai, kabla nyasi hazijakauka kabisa. Sheria ndogo imtake anayesafisha shamba kwa moto amjulishe mwenyekiti wa kitongoji na majirani, na asichome adhuhuri wakati wa upepo. Kubalianeni pia ishara moja ya kuitana. Mahali ambapo wafuga nyuki na wenye miti ya biashara wako kikundi kimoja, moto hudhibitiwa vizuri zaidi, kwa kuwa wote wana cha kupoteza.

14. Majiko banifu tuliyopewa yamewekwa stoo. Tatizo ni nini?

Ulizeni wapishi kabla ya kulaumu. Makete, Njombe na Mufindi mwezi wa Juni na Julai, moto wa jikoni ndio pia unaopasha nyumba joto, na jiko linalofunga mwali ndani halimpi bibi joto. Sufuria ya ugali wa watu wengi nayo haikai juu ya jiko dogo. Taifa lina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo, na vikundi vinaweza kuuchangia kwa kuanza na shule na vituo vinavyopikia watu wengi, ambako jiko moja huokoa kuni nyingi kuliko majiko ya nyumba kumi.

15. Je, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaweza kuaminiwa kwa kijiji chetu?

Utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili hutolewa kwa maeneo mapana. Unasaidia kuchagua mbegu ya muda mfupi au mrefu, na haukusudiwi kusema mvua itanyesha shambani kwako Jumanne. Kikundi kiongeze kipimamvua chake, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi na kuandikwa. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hesabu ambayo hata wanafunzi wa darasa la saba huifanya. Kumbukumbu za miaka kadhaa huwapa hoja yenye uzito mbele ya TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo) mnapouliza aina za maharage au mahindi zinazofaa kwenu.

## Fedha

16. Tunaanzia wapi kupata fedha?

Mfukoni mwenu. Kulinda chemchemi kwa mawe, kusafisha njia za moto na kupeleka rasimu wilayani kunahitaji siku za kazi kuliko shilingi. Baada ya hapo ingizeni kazi hiyo kwenye mpango wa kijiji wa fursa na vikwazo (mpango shirikishi wa maendeleo), ili iwe na nafasi katika bajeti ya halmashauri. Mfuko wa Misitu Tanzania, uliowekwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hutoa ruzuku kwa kazi za misitu, na Programu ya Misaada Midogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani) inayosimamiwa na UNDP (Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa) huvifikia vikundi vya jamii.

17. Je, mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri unafaa kwa kazi hii?

Unafaa kwa kazi inayorudisha fedha: kitalu cha kuuza miche, mizinga ya nyuki, utengenezaji wa majiko. Mkopo huo, ambao hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hauna riba, lakini unarejeshwa. Msiukope kulinda chanzo cha maji ambacho faida yake ni ya kijiji kizima. Mtajikuta wanachama kumi wanalipa deni la watu elfu mbili.

18. Mtu amekuja kijijini akisema atatulipa kwa ajili ya kaboni ya msitu wetu. Tusaini?

Msisaini siku hiyo. Biashara ya kaboni ipo na ni halali. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimepokea mapato halisi kwa kulinda misitu yao. Lakini kinachouzwa ni upungufu wa uharibifu uliothibitishwa, na uthibitisho huo huchukua muda na gharama. Msitu lazima kwanza uwe wenu kwa hati: mpango wa matumizi bora ya ardhi, msitu wa hifadhi wa kijiji uliotangazwa kwa mujibu wa Sheria ya Misitu, na sheria ndogo zake.

Mgeni ahojiwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Je, mradi umeandikishwa kwa mujibu wa kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kinaufahamu? Mkataba ni wa miaka mingapi? Nani analipa gharama za upimaji, na zinakatwa kabla au baada ya mgao? Nini kitatokea msitu ukiungua? Je, tutaruhusiwa kuokota kuni, kuvuna uyoga na kutundika mizinga? Mkataba uwe kwa Kiswahili, na mwanasheria wa halmashauri ausome. Anayesema nafasi itapotea kesho mwacheni aende nayo.

19. Je, wanachama walipwe posho?

Kazi ya doria inayomtoa mtu shambani siku nzima inastahili kufidiwa, nayo iandikwe kwenye bajeti waziwazi. Posho ya kuhudhuria kikao cha kikundi chenu wenyewe isiwepo.

## Kwa wanaosaidia vikundi

20. Shirika, kanisa, msikiti au idara ikitaka kusaidia, ianze wapi?

Ianze kwa kusoma daftari la kikundi na kwenda kuona eneo lenyewe mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Machi kila mahali ni kijani na kila chemchemi ina maji, kwa hiyo mgeni wa masika hudanganyika bila mtu yeyote kumdanganya. Pangeni mafunzo kati ya Juni na Agosti; semina ya Desemba huwaondoa watu shambani wakati wa kupanda, na wanaobaki kuhudhuria si wakulima.

Msaada unaothaminiwa zaidi mara nyingi ni mdogo na wa kuchosha: nauli ya kufuatilia rasimu wilayani, mpimaji wa kuchora mpaka, mtu wa kumfundisha mweka hazina kufunga hesabu. Fedha nyingi kwa mkupuo kwa kikundi kichanga huleta uchaguzi wa ghafla wa viongozi, na wanaochaguliwa si wale waliobeba mawe.

21. Tupime nini ili tujue tumefanikiwa?

Hesabuni miti iliyo hai mwishoni mwa kiangazi cha pili. Kwa chemchemi, pimeni kwa ndoo ya lita 20 na saa: inajaa kwa sekunde ngapi, mahali pale pale, tarehe ile ile kila mwezi. Idadi ya washiriki wa semina ni kumbukumbu ya semina, haipimi kazi.

## Hali zisizo za kawaida

22. Chanzo kiko kijiji cha juu, sisi tuko kijiji cha chini. Hawatusikilizi.

Sheria ndogo ya kijiji chenu haivuki mpaka. Pitieni Kamati ya Maendeleo ya Kata, au ya kata zote mbili, na kama mto ni mmoja fikirieni Jumuiya ya Watumia Maji (swali la 5). Jiulizeni pia walio juu wanapata nini kwa kuacha kulima. Makubaliano yanayodumu ni yale ambayo kijiji cha chini kinachangia kitu, kwa mfano siku za kazi za kujenga birika au miche ya matunda.

23. Wafugaji wanalaumiwa kila mkutano, lakini hawaalikwi. Inafaa?

Haifai, na katika Usangu imeleta uchungu mwingi. Mfugaji aliyehamishwa bila njia ya kufika majini ataipita bustani ya mtu, hana jinsi. Mwalikeni kabla ya mipaka kuchorwa, na ramani ya matumizi bora ya ardhi iwe na mapito na eneo la malisho.

24. Wanachama wengi ni wanawake, na ardhi ni ya waume zao. Miti itakuwa ya nani?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya wote wawili. Mpaka hati ipatikane, kikundi kiombe eneo la kijiji kwa maandishi, au mwenye shamba asaini mbele ya mtendaji kwamba miti ni ya aliyeipanda. Wanaume wengi hukubali miche ikiwa midogo. Mazungumzo hayo hubadilika mbao zikifikia kuuzwa.

25. Mwaka huu mvua zimekatika na watu wana njaa. Kazi za kikundi zisimame?

Punguzeni zile zinazohitaji siku nyingi, lakini ulinzi wa chanzo cha maji na wa msitu usisimame, kwa sababu mwaka wa njaa ndio mkaa huchomwa kwa wingi na mabonde huvamiwa. Kijiji kikiwa na kaya za walengwa wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ombeni ajira za muda zielekezwe kwenye makinga maji, mabirika au kitalu, ili siku ya kazi imlipe mtu. Mwanachama anayekamatwa na mkaa mwaka huo aitwe kwenye kikao kabla ya kuadhibiwa. Kikundi kiulize kwanza nyumbani kwake kumebaki nini, kisha kiamue kwa katiba yake.